Wiki za mwisho za mimba ya mapacha ukiwa umeambiwa ulale: mwongozo kamili kutoka kitandani

Daktari aliponiambia "mama, sasa upumzike," mimba yangu ilikuwa na wiki 31, na tumbo ambalo majirani wa Kihonda, Morogoro, walishalihesabia miezi tisa na siku zake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwangu kupumzika ni kufundisha umekaa badala ya kusimama ubaoni. Mume wangu alielewa kwamba nisiende kazini. Mama mkwe, aliyefika kwa basi kutoka Shinyanga siku mbili baadaye, alielewa kwamba nisiguse hata kijiko.

Mama mkwe akashinda. Siku tisa nililala kama gogo, nikalishwa, nikanyweshwa, nikaogeshwa. Siku ya kumi shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma, likawa gumu. Tukarudi hospitali mbio, na kwa bahati haikuwa damu iliyoganda. Daktari akashangaa: "Nani alikwambia usitembee kabisa?" Tukatazamana. Watatu sisi, hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo naanzia hapo hapo.

Hatua ya 1: Uliza "kupumzika" maana yake nini kwako

Usitoke chumba cha daktari bila majibu ya maswali haya, na umwombe ayaandike kwenye kadi ya kliniki, maana ukifika nyumbani kila mtu atakuwa na yake:

- Napumzishwa kwa sababu gani? Presha, mlango wa kizazi kufupika, kondo kukaa chini, damu kutoka, au tumbo kukaza kabla ya wakati?
- Naruhusiwa kwenda chooni, kuoga, kukaa mezani kula, kutembea uani?
- Kupika, kufua, kuinua mtoto, kupanda ngazi, tendo la ndoa: lipi ruksa, lipi marufuku?
- Nirudi lini, na kitu gani kikitokea nisisubiri tarehe hiyo?

Sababu ndiyo inayoamua kila kitu. Mwenye kondo lililoziba njia anakatazwa mambo ambayo mwenye presha hakatazwi.

Na kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi. Kulala kitandani kutwa kucha, peke yake, hakujaonekana kuzuia mapacha kuzaliwa kabla ya wakati. Hili lilipimwa hata huku kwetu Afrika. Miaka ya 1980 pale Harare, Zimbabwe, wajawazito wa mapacha waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakalazwa hospitali wapumzike, wengine wakabaki nyumbani na shughuli zao. Waliolazwa hawakukaa na mimba muda mrefu kuliko wenzao. Ndiyo maana madaktari wengi siku hizi husema "punguza shughuli" na si "usinyanyuke". Kulala sana kuna gharama zake: misuli inalegea, choo kinakuwa kigumu, damu inaweza kuganda miguuni, na moyo unakosa raha.

Sikuambii uamke leo ukateke maji. Daktari wako anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa: unaishi mbali na hospitali, presha inapanda, umetokwa damu. Ninachosema ni kwamba kitanda si dawa. Faida niliyoipata mimi kitandani ilikuwa kutulia mahali pamoja nikaujua mwili wangu, nikala vizuri, na nikawa tayari kuondoka muda wowote.

Hatua ya 2: Wajue watoto wako kabla hawajatoka

Chukua karatasi ya ultrasaundi, hasa ile ya miezi mitatu ya mwanzo kama unayo, utafute jambo moja: wana kondo moja au mawili? Wakati wa mwanzo wa mimba huonekana vizuri zaidi. Huku mwishoni watoto wamejaa, hata mpimaji mzuri anahangaika.

Wenye kondo mbili, kila mmoja ana chakula chake. Wenye kondo moja wanachangia, na mmoja anaweza kupata damu nyingi mwenzake akapata kidogo, kwa hiyo huangaliwa kwa karibu zaidi, kila wiki mbili hivi. Kuna na wale wachache wanaokaa mfuko mmoja wa maji, bila ukuta katikati. Kamba zao za kitovu zinaweza kujisokota pamoja. Hao si wa kulala nyumbani, ni wa hospitali kubwa.

Hesabu ya wiki nayo inategemea hapo. Mimba ya mtoto mmoja tunaihesabia wiki 40, lakini mapacha zaidi ya nusu huzaliwa kabla ya wiki 37. Kama hakuna tatizo, wenye kondo mbili mara nyingi hupangiwa kuzaliwa kuanzia wiki ya 37, wenye kondo moja kuanzia wiki ya 36, na wa mfuko mmoja kati ya wiki 32 na 34 kwa upasuaji. Usijipangie mwenyewe "nitafika tisa kamili". Mama mkwe alikuwa na kalenda yake ya mwezi angani, na kwa heshima zote, haikusaidia.

La mwisho ni mkao. Mtoto wa kwanza, yule aliye karibu na njia, akitanguliza kichwa, kujifungua kwa kawaida kunawezekana hata kama wa pili amekaa vibaya. Wa kwanza akitanguliza makalio au akilala mkingamo, utaandaliwa upasuaji. Kuanzia wiki ya 34 uliza kila unapopimwa: "Wa kwanza ametanguliza nini?"

Hatua ya 3: Panga kitanda kama ofisi

Kitanda kiwe karibu na dirisha na karibu na choo. Sisi tulihamisha kitanda sebuleni, wageni wakawa wanatukuta tumelala, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Faida yake ilikuwa kwamba nilimwona mtoto wangu mkubwa akitoka shule, nikasikia nani anagonga geti, na wali ukiungua jikoni nilijua wa kwanza.

Lala kwa ubavu. Wa kushoto ndio unaopendekezwa zaidi kwa sababu mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo umepita upande wa kulia wa uti wa mgongo, na tumbo la mapacha ni zito. Ukilala chali linaukandamiza, unasikia kizunguzungu, na watoto nao wanapata damu kidogo. Lakini ubavu mmoja mwezi mzima ni mateso. Geuka kulia ukichoka, hakuna ubaya. Ukishtuka usiku umelala chali, geuka tu ulale tena, usianze kulia.

Mito minne: mmoja wa kichwa, mmoja katikati ya magoti, mmoja mwembamba chini ya tumbo, na mmoja nyuma ya mgongo ili usibiringike. Kama huna mito, kunja blanketi, funga na kanga. Kiungulia kikizidi, inua upande wa kichwa kwa kuweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi inakunja tumbo, matofali hayakunji.

Mkononi uwe na maji ya kunywa, simu na chaja, daftari na kalamu, kadi ya kliniki, dawa, tochi na kengele. Kengele yangu ilikuwa kijiko na kikombe cha bati. Usiku weka ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda kama choo kiko nje. Bafuni weka kiti cha plastiki uoge umekaa. Neti ishuke kila usiku, malaria haijali kwamba wewe ni mgonjwa wa kitandani. Na hapa wengi tunajisahau: kwa kuwa "tumepumzishwa", tunaacha kwenda kliniki, dozi ya SP ya kuzuia malaria inapita, vidonge vya damu vinaisha. Kitanda hakifuti tarehe ya kliniki.

Miguu isilale. Kila saa ukiwa macho, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako, visukume mbali, mara 20. Zungusha nyayo kulia na kushoto. Kunja goti moja, linyooshe, kisha lingine. Usinyanyue miguu yote miwili pamoja, hiyo inavuta tumbo. Kama umeruhusiwa kutembea hatua chache, tembea. Uliza kuhusu soksi za kubana, hasa kama una historia ya damu kuganda kwenye ukoo.

Hatua ya 4: Daftari, na dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Kama utafuata hatua moja tu kati ya hizi, iwe hii.

Nilichora mistari minne kwenye daftari la shule: presha, watoto kucheza, tumbo kukaza, na mengineyo. Mashine ya presha tuliazima kwa shemeji, ile ya kufunga mkono wa juu. Unapima asubuhi na jioni, ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, mkono umeegemea kitu usawa wa moyo, na huongei. Ikifika 140 juu au 90 chini, subiri kidogo, rudia. Ikibaki pale pale, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya. Ikifika 160 kwa 110, unaondoka sasa hivi. Wenye mapacha hupata kifafa cha mimba mara nyingi kuliko wenye mtoto mmoja, na mara nyingi hakipigi hodi.

Usingoje mashine ikwambie kama kichwa kinauma na hakiachi, unaona vimulimuli, unaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, au uso na mikono vimevimba ghafla mpaka pete haitoki. Miguu kuvimba jioni wengi tunavimba. Uso ni habari nyingine.

Watoto kucheza: baada ya siku chache utawajua tofauti zao. Wangu, wa chini alikuwa mpole, anasukuma kidogo kidogo kwenye nyonga. Wa juu alikuwa mpiga mateke, kazi yake mbavu. Kila jioni baada ya kula nililala kwa ubavu nikawasikiliza, nikaandika nani kacheza. Hakuna namba moja ya kila mtu, kinachotazamwa ni mabadiliko. Yule mpiga mateke akinyamaza, usimshtue kwa soda baridi ukasubiri kesho. Nenda wakasikilize mapigo ya moyo ya wote wawili, na hakikisha wamesikia mawili tofauti. Kuna siku nilipimwa harakaharaka nikaambiwa "wazima", nikauliza "wote wawili?", muuguzi akarudia kipimo. Walikuwa wazima kweli, lakini mara ya kwanza alikuwa amemsikia mmoja tu.

Tumbo kukaza: tumbo la mapacha hukaza mara kwa mara, ni kawaida, hasa jioni na kibofu kikijaa. Nikueleze usiku wangu wa wiki ya 33. Saa nne usiku tumbo likawa jiwe, likaachia. Nikaenda haja ndogo, nikanywa glasi mbili za maji, nikalala ubavu wa kushoto, nikawasha saa ya simu. Saa nne na dakika kumi na mbili, tena. Na ishirini na moja, tena, na safari hii mgongo chini ulivuta kama siku za mwezi. Mpaka saa tano nilikuwa nimeandika mara sita. Mama mkwe alisema ni gesi, nichemshiwe tangawizi. Mume wangu akatazama daftari, akatazama mimi, akapiga simu kwa mtu wa bajaji.

Njia ilikuwa imefunguka sentimita moja. Nikapewa dawa ya kutuliza uchungu, na sindano za kukomaza mapafu ya watoto. Sindano hizo ndizo sababu hasa ya kuwahi. Hutolewa kwa wanaoelekea kujifungua mapema, kati ya wiki 24 na 34, na zinahitaji saa kadhaa mwilini zifanye kazi. Anayefika watoto wanatoka hazimsaidii. Uchungu ulitulia nikabaki wodini siku nne. Lile daftari mkunga alilichukua, akanakili zile saa kwenye faili.

Kwa hiyo kanuni niliyoishika: likikaza zaidi ya mara nne ndani ya saa moja, au kwa mpangilio, au na maumivu ya mgongo na nyonga, na wiki 37 hazijafika, ni safari. Usinywe dawa yoyote ya mitishamba, iwe ya kutuliza au ya "kuongeza njia". Zile za kuongeza uchungu zinaweza kukaza kizazi mpaka kikapasuka.

Mengine ya kuondoka nayo mara moja, mchana au usiku:

- Damu ukeni, hata bila maumivu.
- Maji kutoka, yawe mengi au ya kudondoka. Vaa pedi safi, tazama rangi. Ukisikia kitu laini kama kamba ukeni, piga magoti, kichwa chini makalio juu, waite watu. Ni kitovu kimetangulia, na kila dakika ina thamani.
- Homa.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwingine. Kifua kubana au pumzi kukata ndiyo hatari zaidi.
- Kuwashwa viganja na nyayo, hasa usiku, bila vipele. Wengi hudhani ni sabuni, lakini inaweza kuwa ini, na mapacha huongeza uwezekano.

Hatua ya 5: Kula, damu na udongo

Sahani kubwa haiingii tena, tumbo halina nafasi. Kula kidogo mara sita. Yai asubuhi na uji wa lishe, mtindi saa nne, mchana ugali kidogo na mboga nyingi, maharage au samaki, jioni parachichi au ndizi, usiku tena. Dagaa ni nafuu na wana madini ya chokaa ukiwatafuna na miba yao. Mchicha, matembele na kisamvu vipikwe visiive mpaka vikafa. Papai lililoiva na maji ya kutosha kwa ajili ya choo, maana vidonge vya damu vinafunga tumbo na kujikamua chooni haifai.

Vidonge vyenyewe vinywe na chungwa au limao, si na chai. Chai ya rangi na ya maziwa zote zinazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ipishe saa moja au mbili. Kama umepewa na vidonge vya chokaa, visinywewe pamoja na vya damu.

Na udongo. Najua. Mimi pia nilikuwa na kipande kwenye mfuko wa nailoni chini ya mto. Unanukia kama mvua ya kwanza. Lakini unazuia madini ya chuma, unafunga choo, na unaweza kuwa na minyoo. Hamu hiyo mara nyingi ndiyo dalili yenyewe kwamba damu imepungua. Mwambie mkunga bila kuona haya. Omba wingi wa damu upimwe tena karibu na wiki ya 34: chini ya 11 ni pungufu kwa mjamzito, na mwenye mapacha anatoka damu zaidi akijifungua kwa sababu kizazi kilichotanuka sana huchelewa kujikaza. Hapo hapo jua kundi lako la damu na uzungumze na ndugu wawili au watatu walio tayari kuchangia. Kuwatafuta wachangiaji saa nane usiku ni kazi ngumu kuliko kuwaomba leo mchana.

Hatua ya 6: Kazini na pesa

Fupi, lakini usiipite. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri asiyejua atakuandikia 84, mwonyeshe kifungu. Siku za kupumzishwa na daktari kabla ya hapo usizikubali ziliwe kwenye hizo 100. Mwombe daktari ED (karatasi ya kukupumzisha kazi), uipeleke, zihesabiwe likizo ya ugonjwa: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mimi nilitaka kuanza kutumia likizo ya uzazi wiki ya 31 kwa kutojua. Mhasibu wa shule, mama wa watoto watano, ndiye aliyenizuia.

Kama una bima, uliza sasa kama majina ya watoto wawili yanaingiaje na wodi ya njiti inalipiwaje. Usiende kuuliza ukiwa na mshono.

Hatua ya 7: Begi, gari na mtu wa kubaki

Begi liwe tayari wiki ya 30, maana mapacha hawasubiri ya 36. Kila kitu cha mtoto mara mbili: kofia, soksi, nguo ndogo kabisa (nguo za "mwezi mmoja" zitawameza), nepi, shali. Kanga ziwe sita, usicheke, zote zitatumika. Mpira wa kujifungulia, pedi za uzazi, pamba, glavu na vibana kitovu vya kuwatosha wawili kama hospitali yenu inaagiza vifaa. Kadi ya kliniki na karatasi za ultrasaundi ziwe kwenye mfuko wa juu. Weka na utepe wa rangi mbili: nyekundu kwa Kulwa, bluu kwa Doto. Utauona umuhimu wake siku ya tatu bila usingizi.

Chagua hospitali yenye upasuaji, damu na wodi ya njiti, si kituo kilicho karibu tu. Kama iko mbali, hamia kwa ndugu aliye karibu nayo ukifika wiki ya 34, au uliza kama hospitali ina nyumba ya wajawazito wanaosubiri. Usafiri uwe na majina mawili: wa kwanza na wa akiba, wote wamekubali kuamshwa usiku, na nauli imetengwa kando isichanganywe na ya luku. Tanzania kuna m-mama: ukipiga 115, bila malipo, mjamzito mwenye dharura hutafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Andika namba hiyo ukutani, si kwenye simu yako pekee, kwa kuwa wewe siye utakayepiga.

Kama una mtoto mwingine, aambiwe mapema atalala kwa nani. Wangu alifanya mazoezi ya kulala kwa wifi siku za Jumamosi, na usiku wa bajaji hakulia.

Moyo nao ni mzigo, nisiufiche. Kuna mchana nilihesabu mabati ya dari, 14, na kulia bila sababu. Ukiona kilio kinakuja kila siku, hulali hata ukipata nafasi, au unafikiria ni bora usiwepo, mwambie mkunga kama unavyomwambia presha. Kwa siku za kawaida nilisahihisha madaftari ya wanafunzi kitandani, kila jioni kumi. Mama mkwe alinifundisha kusuka ukili. Sikumaliza hata futi mbili, lakini alinisimulia maisha yake yote.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Wangu walikuja wiki ya 36. Usishtuke chumba kikijaa watu: wakunga wawili, daktari, mtu wa kila mtoto. Utawekewa dripu mapema. Akitoka wa kwanza, mkunga atashika tumbo kumwongoza wa pili asigeuke, na mapigo yake yatasikilizwa mfululizo. Mara nyingi hufuata ndani ya nusu saa hivi. Wakati mwingine wa kwanza hupita kawaida na wa pili huhitaji upasuaji, ndiyo maana hospitali yenye chumba cha upasuaji. Doto wangu alitanguliza miguu, na mama mkwe akasema Usukumani huyo ni Kashinje, jina lipo tayari. Tulibishana siku tatu. Amebaki Doto.

Wakiwa wadogo, omba kangaruu mapema: mtoto uchi, nepi na kofia tu, kifuani ngozi kwa ngozi, kanga imefungwa. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kunaokoa watoto wadogo hata kabla hawajatulia. Wawili wanakaa kifuani pamoja, au baba anachukua mmoja. Maziwa ya njano yakamuliwe mapema, kila saa mbili tatu, kwenye kikombe safi, hata kama ni matone. Kabla ya kujifungua usichokoze chuchu "kuandaa maziwa", kunaamsha uchungu.

Kisha kuna kusimama. Hakuna aliyenionya kuhusu hili. Baada ya wiki tano za kitanda, miguu si yako. Saa nane baada ya kujifungua nilisema naenda kuwaona watoto, nikaweka nyayo chini, magoti yakakunjika kama kanga. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika tano kwanza, miguu ikining'inia. Vaa ndala zisizoteleza. Shika mtu, si dripu. Hatua kumi, kaa, hatua kumi. Wodi ya njiti ilikuwa mita 40 kutoka kitandani kwangu, na siku ya kwanza tuliweka viti viwili njiani.